Kupuliza, kuzamisha majini au kufungua: njia ipi ya kusafisha mota ya gari la rimoti?

Uchafu ndani ya mota ya kaboni, yaani yenye vipande viwili vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, ni wa aina mbili. Kuna vumbi linaloingia kutoka nje, na kuna unga mweusi ambao mota inautengeneza yenyewe kadiri kaboni zinavyosagika juu ya komutata (mviringo wa vipande vya shaba kwenye shafti unaopokea umeme). Vumbi ni kavu, hewa inalitoa. Unga wa kaboni unapitisha umeme na unanasa mafuta, na ukijaa kwenye mifereji kati ya vipande vya komutata unavusha umeme pasipotakiwa: mota inapata moto, betri inaisha mapema, gari halina nguvu ya kupanda. Njia inayomaliza tatizo la kwanza mara nyingi haigusi la pili, kwa hiyo swali la "dawa gani ni kali zaidi" halisaidii sana kuchagua.

Halafu kuna bushi. Kila kimiminika kinachoyeyusha uchafu kinaosha pia mafuta yaliyonyonywa na bushi za shaba nyeusi zinazoshika shafti. Mota nyingi zinazoanza kupiga kelele siku chache baada ya kusafishwa zilisafishwa vizuri tu, ila zikarudishwa kavu. Njia yoyote utakayochagua hapa chini, ikiwa inahusisha kimiminika, inaishia kwenye tone moja la mafuta kila upande wa shafti. Ukikosa mafuta, ahirisha kuosha.

Mota uliyonayo inaamua nusu ya jibu

Magari ya kuchezea ya bei ndogo yana mota za saizi 130, 370 au 380. Magari ya hobi ya kipimo cha 1/10 (moja ya kumi ya gari halisi) kwa kawaida yana 540, yenye kipenyo cha karibu milimita 36 na shafti ya milimita 3.17. Saizi 550 ina kipenyo hichohicho, ni ndefu zaidi tu. Seti nyingi za kujiundia za Tamiya huja na 540 ya kopo (ganda la nje) la rangi ya fedha, na Titan ya Traxxas yenye mizunguko 12 ya waya kwenye koili ni mfano wa 550.

Geuza mota uangalie upande wenye nyaya. Ukiona kaboni zimekaa kwenye viboksi vya shaba, springi ziko nje, na kifuniko kimeshikwa na skrubu mbili, hiyo imetengenezwa ili ifunguliwe. Ukiona kifuniko kimeng'ang'aniwa na meno ya kopo yaliyokunjwa kwa ndani, hiyo ni mota iliyofungwa kiwandani, na anayeifungua anafanya kazi ambayo mtengenezaji hakuitarajia. Angalia pia shafti inapotokea: pete ya shaba isiyo na gololi ni bushi, pete yenye kifuniko chembamba cha chuma na uwazi mdogo pembeni ni beringi. Ukiwa na mota isiyo na kaboni kabisa, yenye nyaya tatu nene, mengi ya hapa hayakuhusu.

Udongo wa huku nao una sauti

Huku Nyanda za Juu Kusini, kati ya Juni na Oktoba, kuanzia Makambako hadi Tunduma, vumbi ndilo adui. Upande wa Mbeya na Rungwe udongo una majivu ya volkano na chembe za pumisi (jiwe jepesi la volkano), ambazo ni nyepesi, hupanda juu na tairi, na zina kingo kali. Ndani ya bushi chembe hizo zinafanya kazi ya msasa. Vumbi jekundu la Iringa na Mafinga ni laini zaidi. Linajipaka kila mahali na likikutana na mafuta linageuka tope. Mchanga wa mitoni una chembe nyeusi zenye chuma: pitisha sumaku juu yake uone zinavyoruka. Chembe hizo zikiingia kwenye mota zinaganda kwenye sumaku za ndani, na hakuna pampu itakayozitoa.

Mvua ikianza, hasa Tukuyu na Kyela, tatizo linahama kutoka vumbi kwenda kutu. Shafti, beringi na chuma cha rota (sehemu inayozunguka) vyote vinashika kutu mota ikilala na unyevu usiku mmoja.

Mwinuko nao una neno lake. Mbeya mjini iko kwenye mita 1,700 hivi, na hewa ya hapo ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam. Hewa nyepesi inapooza mota vibaya zaidi. Kabla ya kulaumu uchafu kwa mota inayochemka, punguza jino moja au mawili kwenye pinioni (gia ndogo ya kwenye shafti ya mota) ujaribu tena.

Njia zenyewe, moja kando ya nyingine

| Njia | Vumbi | Unga wa kaboni | Kukauka | Inapoharibikia |
|---|---|---|---|---|
| Pampu ya baiskeli na mswaki | Vizuri | Kidogo | Haihitajiki | Kusukuma vumbi ndani ya bushi |
| Kontakti klina (dawa ya kusafishia viungo vya umeme) ya kopo | Wastani | Vizuri | Dakika 15 | Moto. Bushi kubaki kavu |
| Isopropili (aina ya alkoholi) ya asilimia 99 kwa sindano | Wastani | Vizuri | Dakika 20 hadi 30 | Moto. Kazi ya polepole |
| Kuzungusha ndani ya maji kwa volti 3 | Wastani | Ulio huru tu | Saa 2 juani | Kutu. Kaboni kuisha mapema |
| Kufungua kabisa | Vizuri sana | Vizuri sana | Inategemea | Kaboni kuvunjika, washa (pete nyembamba za shafti) kupotea |

Pampu ya baiskeli inadharauliwa bure. Kwa mota iliyofungwa inayokimbia kwenye vumbi kavu, kupuliza kila baada ya kucheza kunafanya kazi kubwa kuliko kopo la dawa mara moja kwa mwezi. Chomoa betri, elekeza matundu ya mota chini, puliza kupitia tundu la upande wa kaboni ili vumbi litokee upande wa pinioni, huku ukizungusha tairi kwa mkono. Usilenge pale shafti inapoingia kwenye bushi. Kompresa ya fundi pancha ina nguvu kupita kiasi kwa kazi hii, na tangi lake huwa na maji chini. Ukilazimika kuitumia, pulizia kwanza kwenye kiganja uone kama kinalowa.

Kontakti klina ndiyo chaguo letu kwa mota nyingi zilizofungwa, lakini makopo hayafanani. Mafundi redio wanatumia aina mbili: inayokauka bila kuacha kitu, na inayoacha utando wa mafuta kwa ajili ya swichi na vitufe vya sauti. Hiyo ya pili kwenye komutata ni balaa, kwa sababu utando unanasa unga wa kaboni na kuufanya uwe uji mnato. Jaribu kwenye kioo: puliza kidogo, subiri dakika tano, pitisha kidole. Kikiteleza, iache. WD-40 ya kawaida inaanguka kwenye kapu hilohilo, hata kama mota itaonekana kuchangamka kwa muda mfupi baada ya kuipuliza.

Utaratibu ni huu: mota nje ya gari ikiwezekana, nyaya zimechomolewa, puliza kwa sekunde mbili kwenye kila tundu la kaboni, zungusha shafti kwa vidole mara kumi hivi, mimina uchafu, rudia mpaka kinachotoka kiwe na rangi ya chai hafifu badala ya wino. Kwa 540 moja, mapigo manne hadi sita yanatosha. Iache dakika 15. Wapo wanaopuliza huku mota inazunguka. Hapana: kaboni zinatoa cheche, na dawa nyingi zinashika moto. Kwa sababu hiyohiyo, baridi ya Juni isikufanye uifanyie ndani penye jiko la mkaa.

Breki klina ya duka la spea inatoa uchafu haraka kuliko zote, na ndiyo maana inapendwa. Inalainisha plastiki. Mota yenye kifuniko cha nyuma cha plastiki, kava la polikaboneti la gari, nyaya zenye ngozi laini, vyote viko hatarini. Kabureta klina ni mbaya zaidi, kwani imetengenezwa kuyeyusha vanishi, na vanishi ndiyo inayotenganisha nyaya za koili. Petroli inaacha viambata vyake na inawaka kwa kisingizio chochote. Mafuta ya taa yanaacha utando. Ukiwa na chupa ya spiriti tu, itumie kwa pamba ya masikio kwenye sehemu unazozifikia, usiimimine.

Isopropili ni mbadala mzuri kopo la klina likikosekana, ila soma asilimia. Ya 70 ina maji yapatayo theluthi moja, inakauka polepole, na kwenye baridi ya Njombe inaweza kukaa ndani ya beringi mpaka kesho yake. Ya 99 ndiyo ya kazi hii. Tumia bomba la sindano la mililita 5, mililita mbili kila tundu, zungusha, mimina, rudia.

Maji: wanayoyasifia na wasiyoyasema

Kuzungusha mota ndani ya glasi ya maji kulianza kama njia ya kulaza kaboni mpya, sio kusafisha. Kaboni mpya ina uso bapa au mkunjo usiolingana kabisa na komutata, kwa hiyo inagusa sehemu ndogo na kutoa cheche nyingi. Ndani ya maji inasagika haraka ikichukua umbo la komutata, na maji yanabeba unga na joto. Kwa mota mpya iliyofungwa ya bushi, ni njia ya haraka na inafanya kazi.

Kwa mota ya zamani ni habari nyingine. Maji yanatoa unga ulio huru, lakini hayagusi tope la mafuta na kaboni lililoganda kwenye mifereji, na kila dakika majini inakula kaboni ambayo tayari ni fupi. Mota yenye beringi usiizamishe hata iwe mpya.

Ukiamua kufanya hivyo, tumia betri mbili ndogo za saizi AA, yaani volti 3, kamwe si betri ya gari ya volti 7.4. Zamisha, washa, angalia: maji yakigeuka kijivu, toa. Kwa kawaida ni dakika moja hadi mbili. Maji ya bomba yenye chumvi yanaacha alama nyeupe. Yanayofaa ni maji safi ya kuongezea betri za magari yanayouzwa vituo vya mafuta. Soma chupa kwa makini, kwa sababu asidi ya betri huuzwa rafu hiyohiyo na chupa zinafanana. Baada ya hapo pukuta, osha kwa isopropili ili kufukuza maji, weka juani saa mbili, kisha mafuta. Njia mbadala ya kulaza kaboni, polepole na isiyo na kutu, ni kuizungusha mota ikiwa kavu na bila mzigo kwa volti 3 kwa dakika 20 hadi 30. Kwa Tukuyu na Kyela tunapendelea hiyo.

Kufungua: pale tu panapolipa

Mota iliyofungwa kiwandani inafunguka kwa kukunjua meno ya kopo, lakini meno hayo yanavumilia kukunjwa mara moja au mbili kabla ya kukatika, na kifuniko kikitoka kaboni zinaruka ndani. Kuzirudisha kunahitaji kuzisukuma nyuma kwa waya mwembamba huku komutata ikipita. Kwa mota ya kuchezea, nunua nyingine. Kwa 540 ya kopo la fedha, fungua kama ni ya kujifunzia.

Mota ya skrubu ndiyo inayolipa, kwani kaboni na springi zake hubadilishwa. Chora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika kutoka kwenye kifuniko hadi kwenye kopo kabla ya kulegeza chochote. Kifuniko kikizunguka kidogo tu, pembe ya kaboni inabadilika na mota itakimbia zaidi upande mmoja na kuchemka. Toa springi, kisha kaboni, kisha skrubu. Ukivuta rota kabla ya kutoa kaboni, pembe zake zinakatika. Shika shafti imara, maana sumaku zinavuta na rota inaweza kugonga kopo. Hesabu washa nyembamba za kila upande na uzipange mezani kwa mfuatano wake.

Komutata ndiyo inayokuambia hali halisi:

Rangi ya kahawia iliyoiva, sawasawa pande zote, ni afya, usiisugue ing'ae. Weusi wa makovu ni cheche: springi dhaifu au kaboni iliyokwama. Kipande kimoja kati ya vitatu kikiwa kimeungua peke yake, koili yake imekatika au imeachia kwenye kiungo, na dalili yake barabarani ni mota inayosubiri kusukumwa ndipo ianze. Hiyo hakuna dawa itakayoiponya. Rangi ya bluu ni joto kupita kiasi, na inafaa kushuku sumaku nazo zimepungua nguvu.

Kwa weusi mwepesi, ufutio wa penseli ulioviringishwa kwenye komutata unatosha. Makovu yanahitaji msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, ukanda mwembamba uliozungushwa kwenye komutata huku rota ikigeuzwa, ili usitengeneze bapa. Maliza kwa kupitisha kijiti cha meno kwenye kila mfereji. Waya wa kusugulia masufuria usiukaribishe kabisa: nyuzi zake zinanaswa na sumaku na nyuzi moja ikilala kati ya vipande viwili imeshaunganisha umeme.

Kuna mashine ndogo za kuchonga komutata zinazoshika rota kwenye njia zake mbili za shafti. Kupeleka rota kwa fundi wa mashine kubwa ya kuchongea kunaonekana ni suluhisho, lakini akiishika shafti upande mmoja kwa meno ya mashine, komutata inatoka ikiwa na ukengeufu wa sehemu ndogo ya milimita, na kaboni zitarukaruka juu yake. Bora msasa wa mkono uliofanywa kwa subira.

Kaboni za kuazima

Kaboni za 540 za kufungua zina upana wa milimita 4 kwa 5, na zinabadilishwa zikibaki nusu ya urefu wake wa mwanzo, kabla waya wake haujaanza kugusa kiboksi. Duka la vifaa vya ujenzi litakupa kaboni za grenda, ambazo zinachongeka kirahisi kwa tupa. Zitazunguka, lakini mota itakuwa mvivu: zimetengenezwa kwa volti 220, zina ukinzani mkubwa, na kwenye volti 7.4 sehemu ya umeme inapotelea ndani yake. Kaboni za mota ya wipa au staata ya gari zina unga wa shaba kwa ajili ya volti 12, kwa hiyo umeme unapita vizuri zaidi, ila zinakula komutata ndogo haraka. Tukilazimika, tunachagua za wipa na kukagua komutata mara kwa mara huku tukisubiri kaboni sahihi zije kwa basi kutoka Kariakoo.

Mafuta na kipimo

Mafuta ya cherehani ndiyo saizi ya kazi hii. Tone moja kila bushi, kwa ncha ya sindano. Zungusha mota kwa volti 3 dakika moja, futa yaliyozidi. Matone matatu hayasaidii mara tatu. Yanarushwa kwenye komutata na kuanza kutengeneza tope uliloondoa. Mafuta ya kupikia yanaganda, grisi haifiki ndani, oili ya injini ni nzito kwa mota ndogo.

Ili kujua kama ulichofanya kimefaa, pima ampea bila mzigo, kabla na baada. Toa pinioni, funga mota, weka multimita kwenye ampea 10 kwa mfululizo na betri ya volti 7.2, soma ndani ya sekunde kumi. 540 ya kawaida iliyofungwa, ikiwa safi, hula takriban ampea 1 hadi 2.5. Ikibaki juu ya 3 baada ya kusafishwa, tafuta shafti iliyopinda, bushi iliyokaza au mifereji ambayo bado ina tope. Mota ya mizunguko michache ya waya hula zaidi hata ikiwa nzima. Hiyo ilinganishe na namba yake mwenyewe ya zamani.

Basi uchague nini?

Gari la mtoto lenye mota ya 130 hadi 380: puliza, tone la mafuta, basi. Bei ya kopo la klina ikifika nusu ya bei ya mota mpya, hesabu imeshajijibu.

540 au 550 iliyofungwa, msimu wa vumbi: pampu kila ukimaliza kucheza, kontakti klina na mafuta unapoona ampea zimepanda au cheche zimekuwa ndefu. Bushi ikiwa imeachia kiasi kwamba shafti inachezacheza pembeni ukiitikisa, acha kutumia dawa, badilisha mota.

Mota ya skrubu: fungua. Kuipulizia tu ni kuificha kaboni iliyokwama.

Imepita kwenye dimbwi au tope: osha kwa maji safi siku hiyohiyo kabla tope halijakauka, ukizungusha kwa mkono bila umeme, fukuza maji kwa isopropili, kausha, mafuta. Ikishakauka na tope, pumisi iko ndani ya bushi na utaisikia.

Wakati wa kurudisha, angalia vikondensa (kapasita) vitatu vidogo vyenye alama 104 vilivyoungwa kwenye kopo, ambavyo vinazima kelele za umeme za mota. Mguu mmoja ukiwa umekatika wakati wa kupiga mswaki, rimoti za zamani zitaanza kutetereka. Weka ukanda wa karatasi ya daftari kati ya pinioni na gia kubwa, bana, kaza, kisha utoe karatasi. Na skrubu za M3 zinazoshika mota zisiingie ndani ya kopo zaidi ya milimita 3 au 4. Skrubu ndefu iliyookotwa kwenye boksi la spea inagusa koili, inakwangua vanishi, na mota uliyoisafisha asubuhi nzima inaungua kwenye mzunguko wa kwanza.